Habari Ziwafikie Nani?

Darasani tulifundishwa kwamba tanzia ni tamthilia ambayo mhusika wake mkuu huishia kwenye anguko au kifo. Nyumbani tanzia ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa ile saa ya matangazo ya vifo redioni, mama ameinua mkono kutunyamazisha, sauti isiyo na haraka inasoma: fulani wa Bagamoyo anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, mazishi ni kesho saa kumi alasiri, habari ziwafikie fulani aliyeko Lindi, fulani aliyeko Tabora, pamoja na ndugu, jamaa na marafiki popote pale walipo. Siku hizi inaingia kwenye kundi la WhatsApp ikiwa na picha ya marehemu na namba ya kutuma rambirambi, lakini umbo lake ni lile lile. Inakuambia nani kafa, wewe ni nani kwake, na saa ngapi uwe wapi.

Tanzia ya jukwaani haina ule mstari wa "habari ziwafikie". Naishi Bagamoyo, mji ambao sehemu ya riziki yake inatokana na kuonyesha misiba ya zamani, na kwa maoni yangu mstari huo huo ndio unaokosekana kwetu: kwenye vibao, kwenye maelezo ya waongoza watalii, kwenye maigizo ya jioni hotelini. Mtu anaonyeshwa msiba, haambiwi yeye ni nani pale msibani.

Nianze na mnyororo. Sitapataja mahali, maana nilichokiona kingeweza kutokea popote. Basi la wanafunzi wa kidato cha pili kutoka Dar es Salaam lilikuwa limefika tangu asubuhi, jua limeshakuwa kali, nusu ya watoto wanasinzia wamesimama. Mwongoza watalii, kijana hodari wa maneno, akaona anawapoteza. Akainua mnyororo wa chuma ulioshika kutu, akauliza, "Nani anataka kujaribu?" Usingizi ukaisha. Mvulana mmoja akajitokeza, akavishwa shingoni, akatoa ulimi nje, na simu ambazo shuleni haziruhusiwi zikachomoka mifukoni. Wa pili kuitwa alikuwa msichana. Akasema, "Mimi sitaki." Wakamcheka. Mnyororo ukaenda kwa mwingine, na mwingine tena. Walipokuwa wanapanda basi mwalimu alichokiona ni kutu kwenye kola za mashati meupe, na hilo ndilo alilowafokea.

Yule kijana simlaumu sana. Analipwa na wageni wanaoondoka wameridhika, na hakuna mgeni aliyewahi kuridhika kwa kuambiwa kwamba habari hii ni ndefu na ina mikunjo.

Wako wenzangu mjini wanaosema basi yote yafungwe, maiti hawachezewi. Hapo tunaachana njia. Pwani hii kuigiza kifo hakukuletwa na chuo cha sanaa wala watalii. Nenda kwenye msiba wa Kizaramo wenye watani.

Alipofariki bibi mmoja jirani yetu kule Dunda, turubai lilikuwa limeshafungwa, wanawake wamejaa ndani kwenye mikeka, barazani Yasini inasomwa, mara akatokea mtani wetu, mama wa Kinyamwezi. Amejifunga kanga ya marehemu. Amevaa miwani ya marehemu, ile yenye mkono uliofungwa uzi mweusi. Anatembea kama marehemu, mkono kiunoni, mguu wa kushoto anauburuta. Akasimama mlango wa jikoni: "Nani kachota sukari yangu? Nimekufa alfajiri tu, saa hizi kopo tupu?" Binti wa marehemu, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametoa hata chozi, akacheka. Kicheko kikamgeuka kuwa kilio, wakamshika. Jeneza lilipotaka kutoka, mtani akalala kizingitini. Halitoki mpaka alipwe. Wakamtupia elfu mbili, akasema marehemu hakuwa wa bei hiyo, wakaongeza.

Huo ni uigizaji, tena uigizaji wa marehemu mbele ya maiti yake, na wafiwa hawakuona kwamba wamevunjiwa heshima. Mama yule alikuwa amebeba ndoo za maji tangu kulipopambazuka. Watani wenzake wanaume ndio walioshika majembe makaburini. Na siku atakayofiwa yeye, sisi ndio tutakaolala kizingitini kwake. Anaucheza msiba akiwa na mkono ndani yake.

Wazee wengi hukueleza kwamba utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ulitokana na misafara: watu waliokuja kwa miguu miezi na miezi kutoka Unyanyembe, upande wa Tabora, wakala na watu wa pwani, wakauguzwa nao, wengine wakazikwa nao. Kama ni hivyo, basi kumbukumbu iliyo hai kuliko zote ya njia ya misafara haina kibao wala kiingilio. Inalala kizingitini kwa jirani ikidai hela. Njia yenyewe, njia ya watumwa na pembe za ndovu, iliingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, na katika mazungumzo yote ya urithi niliyowahi kukaa, sijasikia mtu akitaja utani.

Kiingilio na rambirambi zote ni fedha, na zote hutolewa mlangoni. Kiingilio kinakupa haki ya kudai: nimelipa, nionyeshe, na kama sikuguswa nitaandika kwenye mtandao kwamba pale hapana kitu. Rambirambi inakuandika. Jina lako linabaki kwenye lile daftari la kurasa zenye mistari, na siku yako ikifika litafunguliwa waone ulitoa nini. Mji wetu umejenga mambo yake yote ya kumbukumbu juu ya kiingilio. Daftari hatuna.

Sasa turudi kwenye mnyororo, kwa sababu una historia ambayo sijaisikia ikisimuliwa kwenye matembezi. Uliwahi kuonyeshwa zamani, kwa maneno na kwa picha, kwa watazamaji wa mbali. Mwaka 1888 Kadinali Lavigerie, Mfaransa, alizunguka miji ya Ulaya akihubiri mateso ya watumwa wa Afrika, na Oktoba mwaka huo ukafanyika mkutano mkubwa wa kupinga utumwa mjini Köln, Ujerumani. Sina shaka wengi waliosikiliza waliguswa kwa dhati. Miezi hiyo hiyo watu wa Pangani na miji mingine ya pwani walikuwa wameinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyokuja kuchukua forodha na kupandisha bendera yake. Bismarck, kansela wa Ujerumani, akazishona habari hizo mbili kuwa moja. Uasi wa pwani ukaitwa uasi wa wauza watumwa, na Januari 1889 bunge la Ujerumani likapitisha marki milioni 2. Kwa fedha hizo Hermann von Wissmann akaja na askari, wengi wao Wasudani aliowakusanya Misri. Mei 8, 1889, akaivunja kambi ya Abushiri bin Salim, kiongozi wa uasi huo, karibu na Bagamoyo. Desemba 15 mwaka huo huo Abushiri akanyongwa Pangani.

Kwa lugha nyepesi, huruma ya waliotazama mnyororo ndiyo iliyonunua kamba.

Na utumwa wenyewe? Wajerumani hawakuufuta. Waliuwekea masharti, mwaka 1904 wakaamuru kwamba watakaozaliwa kuanzia 1906 wawe huru, na walipofukuzwa kwenye Vita Kuu ya Kwanza walikuwa bado hawajaupiga marufuku. Sheria ya kuufuta Tanganyika ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Leo mnyororo na kamba viko kwenye matembezi yale yale, mwendo mfupi kwa miguu, na kila kimoja kinasimuliwa peke yake. Mnyororo ni wa Waarabu, kamba ni ya Wajerumani, twendeni mbele. Mgeni kutoka Berlin anahuzunika kwenye kituo cha kwanza, anaona aibu kwenye cha pili, na hakuna anayemwonyesha kwamba huzuni ya kituo cha kwanza ndiyo iliyolipia kituo cha pili. Angeambiwa hivyo, huenda angeiangalia huzuni yake mwenyewe kwa jicho la mashaka kidogo. Hiyo kwangu ingekuwa na faida kuliko machozi.

Mahali pa kunyongea, karibu na bahari, kuna mnara mdogo wenye maandishi yanayosema hapo Wajerumani waliwanyonga waliopinga utawala wao. Wanyongwaji hawana majina. Si mbali na hapo yako makaburi ya Wajerumani waliofia hapa zama hizo, majina na tarehe zimechongwa kwenye mawe. Nimewaona wageni wakiinama kusoma na kupiga hesabu ya umri. Ah, kijana mdogo kabisa. Kwenye mnara wanapiga picha, wanasogea.

Kuna jambo lingine, na hili wenyeji wenzangu watanikasirikia. Sehemu ya majonzi tunayoyauza hapa ni ya Kilwa. Bandari kubwa ya kusafirisha watumwa kwenda Unguja katika karne ya 19 ilikuwa Kilwa Kivinje, walikopitishwa watu waliotekwa upande wa Ziwa Nyasa. Bagamoyo ilikuwa kwanza kabisa bandari ya pembe, na wapagazi wengi walioingia nazo walikuwa Wanyamwezi huru waliofanya kazi kwa ujira. Hata jina la mji, ambalo mgeni anaambiwa ni kilio cha mtumwa anayeuacha moyo wake bara, linasomeka vilevile kama pumzi ya mpagazi aliyefika salama: bwaga mzigo, bwaga moyo, umefika, kesho utaoga bahari. Maelezo yote mawili yamo midomoni mwa watu. Linalouzika ni moja.

Sisemi kwamba hapa hapakuwa na utumwa. Ulikuwepo, na kwa wingi. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika mwaka 1868 walikomboa watumwa kwa fedha na kuwajengea kijiji pale misheni. Lakini utumwa wa kawaida wa hapa ulikuwa wa shambani na jikoni, wa mtwana na mjakazi, watu waliokaa ua mmoja na bwana wao, wakala chungu kimoja na kulea watoto wake. Huo haupigiki picha. Hauna chuma cha kuvisha shingoni.

Nao ndio unaouma hadi leo. Niliwahi kumwendea bibi mmoja mtaani kwetu, nikamwamkia, nikakaa kwenye mkeka wake akichambua mchele.

"Bibi, hapa mjini wajukuu wa watumwa ni akina nani?"

Mkono wake haukusimama. "Hapa wote waungwana, mwanangu."

Nikanyamaza. Alipomaliza ungo mzima ndipo akasema, bila kunitazama, "Na ukimjua, usimwambie."

Tangu 1922 ni vizazi vichache tu. Kuna watu mjini ambao bibi wa bibi yao alinunuliwa, na kuna watu, wakati mwingine nyumba ile ile, ambao babu wa babu yao alinunua. Wanasalimiana, wanaoana, wanazikana. Tanzia ya utumwa inatangazwa kwa Kiingereza na Kijerumani kila siku mchana, na wafiwa wenyewe wamekaa barazani wanacheza bao wakisubiri watalii wapite. Naielewa hofu yao. Sitaki siku moja mtu awekewe kibao mlangoni. Ila napata tabu na msiba ambao mgeni ameufikia na mwenyewe hajafikishiwa.

Hapo ndipo michezo ya jukwaani ingetufaa kuliko makumbusho yoyote, kwa sababu mwigizaji anaweza kusema jambo la nyumba yako bila kuitaja nyumba yako. Bagamoyo tuna bahati hiyo. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, leo ndiyo TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Ukumbi wake uliungua mwaka 2002, ukajengwa mwingine. Vijana wenye uwezo wapo. Wanachopewa waigize ndicho kinachonitia mashaka.

Nimeona mchezo wa watumwa hotelini. Dakika kama ishirini, baada ya supu na kabla ya samaki wa kuchoma. Vijana vifua wazi, safu moja, mjeledi, wimbo wa kuhuzunisha, mmoja anaanguka. Wageni kimya kabisa, wengine wameshika vifua. Makofi. Kisha wale wale vijana wakarudi na sarakasi, maana hiyo nayo iko kwenye bei. Sikuona mtu aliyefanya kosa. Niliona samaki akija.

Halafu nimeona mwingine, uwanjani mtaani, bila kiingilio, watoto mbele kwenye mchanga. Mjeledi ulipolia watoto wakacheka mpaka wakagaragara. Mgeni mmoja karibu yangu akaniuliza kwa uchungu, wanachekaje jambo kama hili? Nilishindwa kumjibu hapo hapo. Walicheka kwa sababu mjeledi ule haukuwa wao. Walikuwa wameshauona mara mia, ni kiungo cha mchezo kama ngoma na vumbi. Baadaye ikaja sehemu ambayo waigizaji walikuwa wawili tu: mjakazi anamwogesha mtoto wa bibi yake, mtoto anamwita "mama", na mjakazi anageuka haraka kuona kama kuna aliyesikia. Uwanja ukatulia. Nyuma yangu mwanamke mzima akasema taratibu, "Ee, haya sasa ndiyo ya kwetu." Basi. Hakuna aliyeanguka, hakuna damu, na habari ilikuwa imemfikia aliyekusudiwa.

Wazee walisema kifo cha wengi harusi. Wengi huisikia kama faraja, nami zamani niliisikia hivyo. Siku hizi naisikia kama onyo kwa waandishi wa michezo. Ukiwaweka jukwaani mia moja waliofungwa pamoja unapata arusi: nyimbo, mavazi, mpangilio mzuri wa miili. Ukimweka mmoja, na beseni la maji, unapata msiba.

Vivyo hivyo mashujaa wetu. Abushiri tunamwigiza akiwa safi kama kanzu ya Ijumaa. Alikuwa shujaa, sikatai. Alikuwa pia na shamba la miwa karibu na Pangani, na shamba la miwa la zama zile lililimwa na watumwa. Mtu anayepigania uhuru wa pwani huku ana watumwa shambani, halafu ananyongwa na watu wanaojiita wakombozi wa watumwa ambao hawamkomboi hata mmoja wa shambani kwake: tanzia inataka nini zaidi? Ebrahim Hussein alilijua hilo alipoandika Kinjeketile, mchezo wa Vita vya Majimaji uliotoka mwaka 1969. Hakutupa mganga aliye sahihi. Alitupa mtu aliyenaswa na neno lake mwenyewe, anayetakiwa kukana yale maji ya kukinga risasi na anakataa, na mtazamaji anabaki hajui ampe heshima au amlaumu. Unatoka na mzigo. Ndiyo maana mchezo ule haukai vizuri kati ya supu na samaki.

Nimeshuhudia kwa mbali, kupitia televisheni, mara moja tu habari ya tanzia ya kale ikimfikia mtu kwa jina. Ilikuwa Songea, Novemba 2023. Mjini pale kila Februari wanawakumbuka walionyongwa mwaka 1906 kwenye Vita vya Majimaji, na wanaokumbuka wana koo, wanajua nani ni mjukuu wa nani. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda, akakaa na wazao wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyekuwa mmoja wa walionyongwa, akaomba msamaha. Miaka 117. Mtu anaweza kusema ni maneno matupu, fidia iko wapi, fuvu la Nduna liko wapi, na ana haki ya kuuliza. Lakini aliingia akijua yeye ni nani pale msibani, na wafiwa walikuwepo wa kumpokea na wa kumdai.

Bagamoyo hatuna wafiwa wa kumpokea mtu. Nilikuwa nikimweleza haya mtani wangu, mama yule yule wa sukari, akaniambia nimpeleke huko kwenye mnara, hajawahi kwenda japo kazaliwa hapa. Tukaenda jioni. Akauzunguka, akasoma maandishi taratibu, akajifunga kanga vizuri kiunoni kama mtu anayejiandaa kulala kizingitini. Kisha akasimama, akatazama huku na huku: bahari, ngalawa mbili, kijana anauza mihogo.

"Sasa hapa," akasema, "nimdai nani?"

Sikuwa na jibu. Tukatembea mpaka kwenye makaburi ya Wajerumani. Akaliinamia jiwe la kwanza, akasoma jina herufi kwa herufi, akilivunja vibaya mno, akacheka peke yake. Halafu akanyoosha kiganja mbele ya lile jiwe.

"Huyu ana jina," akasema. "Tuanze na huyu."